Myahudi wa Kalangalala

Kabula mwanangu,

Nakuitikia marahaba ya kesho leo hii, kwa sababu kesho alfajiri stendi patakuwa na makelele ya makondakta, mama yako atakuwa analia, na wewe utaniamkia huku macho yako yako kwenye begi lisije likachukuliwa. Umeenda kwa shangazi yako kuaga. Jua bado lipo, nimekaa kibarazani, kuku wanaparua karibu na miguu yangu, na nimeamua kuandika kabla hujarudi.

Mambo ya nguo za baridi, ya kutokula ovyo njiani na ya kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako ameshayasema, na kila akiyamaliza anayaanza upya. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Nadhani unalikumbuka. Tulikuwa tunamenya viazi, mama yako ametoka kidogo kwenda jumuiya, ukasema bila kunitazama: "Baba, nikisoma huko nikafika mahali nikaona siamini tena kama mlivyonifundisha, nikirudi mtanipokea?" Na mimi, badala ya kukujibu, nikakuambia kwanza urudi na mume. Ulicheka kwa heshima tu. Niliona. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuna swali lako na halimezeki.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Unakwenda kusoma Maandiko kama wasomi wanavyoyasoma: nani aliandika, lini, kwa lugha gani, na alikuwa anagombana na nani wakati anaandika. Utasoma Kiebrania na Kigiriki. Mama yako, aliyefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza tangu hujazaliwa, ameambiwa na majirani kwamba watu wa masomo hayo hurudi nyumbani hawapigi hata ishara ya msalaba. Anakufungia mizigo huku midomo inacheza, rozari imo mfukoni. Mimi najifanya shupavu, lakini nahofia vilevile. Na uchungu wenyewe ni kwamba siwezi kumlaumu mtu, maana aliyekuwashia huo moto ni mimi na ndevu zangu za katani.

Unazikumbuka zile ndevu? Ulikuwa unazichana na kuzisuka, ukizifungia utepe, nami nikija kuzivaa nazikuta zimekuwa za bibi harusi. Kila Ijumaa Kuu kigango chetu kiliigiza Njia ya Msalaba barabarani, kutoka uwanja wa shule mpaka kanisani, na mimi ndiye nilikuwa Myahudi Mkuu. Askari wa Kirumi walikuwapo na kofia zao za maboksi, ila hao hawakuwa na la kusema. Maneno yote mabaya tuliyabeba sisi Wayahudi. Nilivaa kaniki, nikashika kiboko cha kamba ya katani, na sauti nilikuwa nayo enzi hizo. Nikipaza "Msulubishe!" mbuzi wa jirani walikuwa wanakata kamba. Akina mama walinizomea kwa moyo mmoja, na yupo mmoja aliyenitupia ganda la muwa likanipiga shingoni, nami nikaona ndiyo heshima ya fundi. Siku za kawaida nikipita sokoni Kalangalala watoto wananiamkia, "Shikamoo Mzee Myahudi," naitikia bila kuona kasoro yoyote. Wewe shuleni wakakuita mtoto wa Myahudi, ukarudi nyumbani unaringa.

Miaka ile naikumbuka kwa utamu ambao sijui niuweke wapi. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, mama yako alikuwa ananiimbia akinishonea kaniki, na sisi sote tulikuwa na uhakika wa kila kitu.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mgodini, kwenye banda la sampuli. Wachorongaji walituletea miamba waliyoitoa chini, mirefu na myembamba kama mihogo, nasi tunaiosha, tunaipanga kwenye trei na kuiandika namba ili wajiolojia waisome. Ndipo alipokuja Ilan. Sisi tukamwita Ilani, na akataniwa sana, kila siku anaulizwa ni ilani ya chama gani. Mjiolojia, Mzungu mpole, mzaliwa wa Afrika Kusini, Kiswahili chake alikijifunza hapa hapa kwa wabeba trei, kwa hiyo alikuwa na lafudhi yetu kabisa.

Sasa huyu bwana hakula kitimoto. Kambale hakumgusa, ila sato alimla mpaka mifupa. Na Jumamosi hakuonekana kazini. Aliomba zamu ya Jumapili badala yake. Mtu wa Geita akiona mwenzake hali kitimoto, hali kambale na Jumamosi hafanyi kazi, anahitaji ushahidi gani tena? Tukasema huyu ni Msabato. Wasabato wa banda letu walifurahi kupata Mzungu wao, wakamkaribisha kanisani, naye akaenda kwa adabu, akakaa kimya, akala chakula chao, akashukuru. Baadaye aliniambia kwamba tangu aje nchini hajawahi kula bila wasiwasi kama mchana ule. Ndivyo ilivyokuwa, Kabula: mji mmoja, Myahudi bandia mmoja na Msabato bandia mmoja, na wote wawili tunakunywa chai kwenye benchi moja.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipomuuliza umri wa mawe. Akanitajia mabilioni ya miaka kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Jioni nikaja na habari hiyo nyumbani, mama yako akaweka mwiko chini. "Mabilioni? Na Mungu muda wote huo alikuwa anafanya nini?" Bibi yako wa Mhunze, mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho, hakuwa amebatizwa wala hakuwa na upande katika ugomvi ule. Akajibu kutoka pembeni: "Maharage tu yananichukua mchana kutwa, seuze mlima." Mama yako alicheka bila kutaka, na habari ya umri wa dunia ikaahirishwa nyumbani kwetu mpaka ulipofika kidato cha tatu ukaifufua.

Nilimuuliza Ilani pia inakuwaje anapumzika siku ya saba wakati yeye mwenyewe anajua kwamba zile siku za uumbaji hazikuwa siku za saa ishirini na nne. Alifikiri sana. Akasema, "Jiwe nalipima. Jumamosi nimeachiwa na bibi yangu. Havijawahi kugombana ndani yangu, isipokuwa watu wanaponiuliza." Sikumwelewa vizuri, na bado nilikuwa nadhani ni jibu la Kisabato.

Kwa hiyo Ijumaa Kuu ilipokaribia nikamwalika aje aone sisi Wakatoliki tunavyofanya mambo. Nilitaka kujionyesha, nini kingine? Alikuja amevaa shati jeupe. Mama yako akamweka kwenye benchi la wageni pale kanisani, tulipomalizia, na wewe ukakaa naye umemshika mkono, unamweleza nani ni nani. Mimi siku ile nilipagawa. Nilimcharaza kijana wa watu aliyekuwa Yesu mpaka katani ikakatika. Nilitema mate. Umati ukapiga kelele, "Wayahudi! Wayahudi!", na kuna wazee walilia machozi ya kweli.

Jioni tukala mihogo na maharage, sisi watano, maana nilimng'ang'ania Ilani asiondoke hivi hivi. Ukamuuliza swali ambalo kila mtoto wa huku huliuliza kabla hata ya jina, kwa kuwa watu wametoka kila pembe kufuata dhahabu.

"Anko, wewe kabila gani?"

"Mimi Myahudi," akasema.

Ukamtazama kwa huruma kama mgeni aliyepotea njia. "Hapana, anko. Myahudi ni baba."

Mama yako alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilianza kucheka, kisha nikaona Ilani anacheka kwa mdomo tu, macho yake yapo kwenye sahani, nikaacha. Lakini wewe ulikuwa hujamaliza.

"Na Yesu kabila gani?"

"Myahudi."

"Na Maria?"

"Naye."

"Petro je?"

"Naye. Hata wale akina mama waliokuwa wanalia njiani."

Ukakunja uso, ukanigeukia mimi. "Sasa mbona baba ndiye aliyevaa kaniki?"

Mimi nikajishughulisha na mihogo. Mama yako alikuwa amefundisha dini miaka mingi na hakujibu. Bibi ndiye aliyetuokoa, kwa namna yake. Akamuuliza Ilani kwa Kisukuma, nami nikatafsiri: wewe ng'wana nani, yaani mwana wa nani? Ilani akamtajia baba, babu, na baba wa babu, akaishia hapo. Bibi akangoja aendelee. Ilani akasema zaidi ya hapo hajui, kwa sababu kijiji chao kilichomwa wakati wa vita kubwa ya Ulaya, na waliokuwa wanajua majina waliuawa wakiwa kijijini. "Na makaburi?" akauliza Bibi. Hakuna makaburi. Kwa mama yangu hilo lilikuwa jambo zito kuliko yote aliyoyasikia kwetu mwaka ule. Akachota maharage kwenye sahani yake akamwekea yeye.

Nilipomsindikiza Ilani nje nikajaribu kuomba radhi, maneno yakawa hayafuatani. Akasema hakuna ubaya, amejua hatukujua. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. "Babu yangu alikuwa akituambia kwamba Ijumaa Kuu kwao ilikuwa siku ya kufunga madirisha. Watu walitoka kanisani wameshasikia habari kama ile yenu ya leo, na hasira wanayo, na mawe yapo njiani." Nikamuuliza kwa nini hakuondoka katikati. Akasema, "Mtoto wako alinishika mkono. Hakutaka nikose mwisho."

Tangu hapo benchi letu likawa darasa. Alinieleza, na wewe utanielezea vizuri zaidi ukirudi, kwamba Injili ziliandikwa baada ya muda mrefu kupita, Hekalu limeshabomolewa, na ndugu wa nyumba moja wamegawanyika vibaya: hawa wamemfuata Yesu, hawa hawakumfuata, wote Wayahudi. Maneno makali yaliyomo ni ya ndugu wanaogombana. Mimi nikaelewa kwa upande wetu. Wewe uliwahi kuwasikia baba zako wadogo siku ya kugawana ng'ombe wa marehemu babu, umesikia walivyoitana. Sasa fikiria mtu wa mbali, asiye wa ukoo, ayachukue maneno ya siku ile, ayasome kila mwaka mbele ya umati, aseme, mnaona, hawa wenyewe wanasema Wasukuma ni wezi. Ilani akaniambia pia kwamba kuna neno moja la Kigiriki ambalo wengine hulitafsiri Wayahudi, wengine watu wa nchi ya Uyahudi, wengine wakuu wa Yerusalemu, na wasomi wanaligombania mpaka leo. Neno moja! Nikafikiria koo langu lilivyowahi kukauka kwa ajili ya neno moja.

Hapa ndipo nilipoharibu, nawe ulikuwa mdogo, uliona tu kwamba baba haendi kanisani. Nilikwenda kwenye kikao cha maandalizi ya mwaka uliofuata nikiwa nimejaa. Nikasema neno Wayahudi litoke. Wakaniuliza, kwa haki kabisa, sasa tuwaiteje? Badala ya kukaa nao tufikiri, nikawaka: "Waiteni Wasukuma! Si ndio tunaopiga?" Mmoja akasema, "Yohana, naona umeshaanza kuwa Msabato." Watu wakacheka. Nami nikasimama nikawaita wajinga wote, na katika wote alikuwemo katekista mzee aliyenifundisha kusoma tangu kule Mhunze, kabla hajahamia huku, hata jina langu mwenyewe nililiona mara ya kwanza limeandikwa na mkono wake. Nilitoka nikabamiza mlango. Masika yote sikukanyaga kanisani, najiona mimi ndiye mwenye ukweli na wao wana kelele. Ukweli nilikuwa nao. Lakini niliugeuza kiboko kile kile cha katani, nikabadilisha tu wa kumchapa. Katekista alifariki kabla sijaenda kumwangukia, na hilo halina dawa.

Unajua nani alilitoa lile neno? Mama yako. Hakubamiza mlango wowote. Alikaa na watoto wake wa Komunyo, kila mwaka kundi lingine, akawafundisha kwamba Mama Maria alikuwa Myahudi, akawashtua, akawaacha waulize. Alipokuwa hajui, alisema hajui. Watoto wale wakakua wakawa ndio waigizaji, na siku moja kaniki ikawa haina tena mwenyewe. Wanaosema maneno mabaya siku hizi huvaa nguo za kawaida, kama mimi na wewe. Kwa hiyo ukimwona mama yako na rozari mfukoni, usidhani anaogopa elimu. Anaogopa kukukosa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nami nilikuwa nimeyachanganya, ndiyo maana nikakujibu kwa utani wa mume. Lakini leo, nikihangaika hapa na hii kalamu, nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kukusimulia, si kwa kulificha. Sikujua tu kwamba lina maana.

Nilipokuwa na umri kama wako, kule Mhunze, nilimwambia mama yangu nataka kubatizwa. Kwetu hakukuwa na aliyebatizwa. Wajomba wakamwambia akiniruhusu ajue amepoteza mtoto, na nani atawakumbuka wazee wa ukoo yeye akishakufa? Mama hakubishana nao. Siku ya ubatizo alitembea nami mpaka kanisani akasimama mlangoni, upande wa nje. Alisema akiingia atakuwa anadanganya, na akibaki nyumbani atakuwa anadanganya zaidi. Nikatoka na jina jipya, Yohana, na mpaka anakufa hakulitumia hata mara moja. Kwake nilibaki Masanja.

Baada ya mavuno ikafika siku ya tambiko la ukoo. Mimi, na kiburi changu cha mwongofu mpya, nikakataa kukaribia. Nikakaa nyuma ya zizi, nimewapa mgongo, najisomea sala kwa sauti ili wanisikie. Mama akachukua unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akawaita wazee kwa majina, kisha akawatajia wanawe, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikanyamaza, kwa sababu nilijua atanishtaki. Akasema: "Masanja hayuko hapa. Siku hizi ana njia nyingine. Msimkasirikie, na msimsahau. Leo namsemea mimi." Akamwaga na sehemu yangu.

Miaka yote nimejiona mimi ndiye niliyeshika imani na wewe ndiye ambaye huenda ukaiacha. Kumbe mimi ndiye mtoto niliyerudi nyumbani siamini kama nilivyofundishwa. Na nilipokelewa, tena na mtu asiyejua kusoma hata herufi, ambaye hakukubaliana nami katika neno lolote. Nimelia kidogo hapa, kuku wameshangaa.

Basi jibu langu ni ndiyo. Silisemi kwa wepesi. Itaniuma, na sitajifanya haijaniuma, maana wewe hujawahi kudanganyika na sura yangu. Naomba usije ukajifanya unaamini ili kutufurahisha, na usije ukajifanya huamini ili kuwafurahisha wale wa huko chuoni. Soma hicho Kiebrania mpaka mwisho. Uliza kabila la kila mtu aliyemo humo. Na ikifika siku ambayo sala tulizokufundisha hazitoki mdomoni mwako, usihangaike nazo na usione aibu. Nijulishe tu. Nitakwenda kanisani nikae pale tunapokaa, nitaje jina lako, nikusemee mimi. Sitafanya hivyo ili nikuvute kwa nguvu. Ni kwa kuwa wewe ni wetu, na wa kwetu husemewa.

Nilipofika hapo nimempa mama yako asome. Ameisoma amesimama, mikono ina unga, na alipofika kwenye kikao akatikisa kichwa, alipofika kwake yeye akasema nimetia chumvi. Amemaliza, akajifuta mikono kwenye khanga. Kisha amesema, "Na mimi nitie humo."

Nikamuuliza niandike nini.

"Hapo kwenye ndiyo," amesema, "weka mbili."

Baba yako,
Masanja